Maoni ya Shangazi Yangu

Kitabu chenyewe sikuwa nimekimaliza. Niseme hilo kwanza, kwa sababu mengine yote yalianzia hapo.

Tupo wasomaji watano mjini Bukoba ambao hukutana Jumamosi moja kila mwezi, saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa. Ndugu zake wote walishahama, mmoja baada ya mwingine. Yeye akabaki na duka, pamoja na makabati mawili ya vitabu vya Kiingereza alivyoachiwa na baba yake. Kihaya chake ni kizuri kuliko changu. Yeye ndiye aliyetukusanya: muuguzi mmoja, wakili mmoja, mke wa mchungaji ambaye huja akipata nafasi, na mimi, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Kwa kuwa nafundisha Kiingereza, wenzangu walichukulia kwamba naelewa vitabu kuliko wao. Nami sikuwakatalia.

Mwezi ule ilikuwa zamu ya riwaya moja ya zamani sana, kuhusu mtu aliyeunda mashine ya kusafiri katika wakati. Anaondoka nyumbani kwake, anakwenda miaka mingi mbele, anarudi, anawasimulia rafiki zake aliyoyaona. Mzee alikuwa na nakala moja tu, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Akatutolea fotokopi, kila mtu na yake, zimebanwa kwa pini kubwa.

Nilisoma kama nusu. Ulikuwa msimu wa mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, na meza ya nyumbani kwangu Kitendaguro ilikuwa imejaa makaratasi ya kusahihisha. Jumapili moja nilikwenda Kanazi kumwona shangazi, nikaibeba ile kopi nikidhani nitaisoma huko. Sikuigusa. Jioni niliporudi nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba nimeiacha juu ya meza yake.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu. Katika ujana wake alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya ushirika, na Kiingereza alikijua kwa njia ya vidole, kwa kuandika barua za wakubwa miaka na miaka. Alipoachwa na mume alirudi kwenye kibanja cha baba yake, migomba na kahawa, na ndipo anapoishi mpaka leo. Mimi nimelelewa naye tangu darasa la tatu. Anasoma chochote: gazeti lililofungia sukari, maelezo ya dawa, vitabu vya watoto wa jirani.

Niliporudi Kanazi Jumamosi iliyofuata nilimkuta uani, anageuza kahawa kwenye turubai. Hata hakunisubiri nikae.

“Kile kitabu chako nimekisoma mara mbili,” akasema. “Hivi yule mtumishi wa nyumbani umemwona?”

“Mtumishi gani, shangazi?”

“Yule mama anayeandaa meza. Ametajwa mara tatu tu. Nimehesabu.”

Nikachukua reki ya pili tukaendelea kugeuza kahawa pamoja. Sikumwambia kwamba sijafika huko.

“Bwana anaondoka, yeye anapika,” akasema. “Bwana anachelewa, chakula kinapoa. Bwana anarudi na njaa ya miaka elfu, rafiki zake wote wanamzunguka: eti umeona nini huko, umeona nini? Hakuna hata mmoja anayemgeukia yule mama akamuuliza: na wewe je, siku zote hizo ulikuwa unafanya nini? Mwandishi mwenyewe hamuulizi. Kwa yule mama wakati haukuwa na mashine. Ulikwenda kwa miguu.”

Kisha, bila kubadilisha sauti, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kunieleza kwa ukamilifu. Mume wake alikuwa mfanyabiashara. Alivuka kwenda Uganda akisema ni miezi miwili. Ikawa miaka miwili. Kila jioni shangazi alitenga ndizi kwenye sahani ya bati, akaifunika kwa jani la mgomba, akaiweka karibu na mafiga. Asubuhi aliwapa kuku. Siku mume aliporudi, wanaume wa kijiji walijaa sebuleni kusikiliza habari za huko. Walikunywa, walicheka, mpaka wakaondoka. Hakuna aliyeuliza habari za pale nyumbani. Baada ya wiki tatu akaondoka tena, na mara hiyo hakurudi.

“Anayesafiri anarudi na hadithi,” akasema shangazi. “Anayengoja anabaki na sahani. Haya, geuza na upande wako, kahawa hiyo itaoza.”

Jumamosi ya kikundi ilifika. Nilikuwa nimeongeza kurasa kumi tu. Wakili alianza. Alisema kitabu kile ni cha siasa, kinaonya matajiri, akazungumza kwa muda mrefu na kwa ufasaha. Muuguzi akasema kwake kilikuwa kigumu. Mambo ya mashine na miaka elfu hayamhusu, yeye anahesabu zamu za usiku. Mke wa mchungaji akasema msafiri yule alikuwa na kiburi, anataka kuona siku ambazo Mungu hajazifunua. Mzee wa duka alisema alikisoma mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, akatamani ile mashine. Sasa ana sabini na kitu, na haitaki tena, kwa sababu mbele anakujua.

Wakanigeukia. “Mwalimu?”

Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema, “Shangazi anasema.” Nakumbuka kabisa kwamba maneno hayo mawili yalikuwa kwenye ulimi. Nikayameza, nikaanza na yaliyofuata: “Mimi nimemwangalia yule mtumishi wa nyumbani. Ametajwa mara tatu tu.”

Nikasema yote. Nilisema kwamba wakati wa yule mama ulikwenda kwa miguu. Nilieleza habari za sahani iliyofunikwa jani karibu na mafiga, kama jambo nililolitunga mwenyewe ili kuwasaidia kuelewa. Nikamalizia na lile la hadithi na sahani. Muuguzi alikuwa ameweka mkono mdomoni.

“Mwalimu,” akasema taratibu, “kumbe na mimi nimo kwenye kitabu hiki.”

Mzee aliinuka, akakata upande wa boksi la vitambaa, akachukua kalamu nene na kuandika: *Anayesafiri anarudi na hadithi. Anayengoja anabaki na sahani.* Chini yake akaandika: *Mwalimu wetu.* Akaligongomea ukutani juu ya kabati. Nilisema, “Aa, mzee, usinifanyie hivyo,” kwa ile sauti ya mtu anayetaka afanyiwe hivyo.

Njiani kurudi Kitendaguro nilijiambia kwamba nitawaambia mwezi ujao. Mwezi uliofuata tulikuwa na kitabu kingine, na ilionekana vibaya kurudia ya zamani. Ndivyo nilivyojiambia.

Wakili ana ndugu yake anayefundisha sekondari moja huko Ngenge, wilaya ya Muleba. Akamsimulia, na mwaliko ukaja: mwalimu wa Bukoba aje awaambie wanafunzi namna ya kusoma riwaya kwa kutazama watu wadogo wadogo waliofichwa ndani yake. Nilipanda basi mpaka Muleba mjini, halafu pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Nilipokelewa kama mgeni rasmi. Kulikuwa na soda, kitambaa cha meza na wanafunzi wapatao mia wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje.

Niliwaambia habari ya kitabu, niliwaambia habari ya mtumishi. Nilipofika kwenye sahani nikaona niipambe kidogo. Nikasema ilikuwa bakuli la udongo, jeusi, la kurithi kutoka kwa mama yake. Makofi yakapigwa.

Msichana mmoja wa safu za nyuma akanyoosha mkono. Alikuwa kidato cha tatu, kwa jinsi nilivyomkadiria.

“Madam, huyo mama wa bakuli unamjua?”

Walimu wake wakacheka kidogo, kama watu wanaoomba radhi kwa swali la kitoto. Mimi nilikuwa na nafasi pale, nafasi safi kabisa, mbele ya watu wasionijua.

“Hapana,” nikasema. “Ni mfano tu.”

Msichana akakaa. Akaandika kitu kwenye daftari lake. Mpaka leo nikikumbuka, sijui aliandika nini: pengine “ni mfano tu,” maana wanafunzi wetu wanaandika kila tunachosema.

Nilirudi na bahasha na cheti. Cheti nikakiweka kabatini chini ya mashuka, na kile kitendo cha kukificha kilinionyesha kwamba nilijua vizuri nilichofanya. Mtu hafichi heshima yake chini ya mashuka.

Mwezi wa kumi na moja shangazi alikuja Bukoba kuonwa macho hospitalini. Alifikia kwangu. Kliniki ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa Jumamosi ya kikundi. Asubuhi akasema, huku anakunja kanga yake vizuri:

“Leo nitakwenda na wewe. Nataka kuwaona hao wasomaji wenzio.”

“Shangazi, macho yako yamewekwa dawa. Pumzika.”

“Dawa ni ya macho. Nitakaa nisikilize.”

“Tena mvua inakuja.”

“Waitu,” akashangaa kwa Kihaya, “mvua ya Bukoba ndiyo unanitishia mimi?”

Nilijaribu na mengine mawili matatu, mpaka akaniangalia kwa namna ya mtu anayeanza kujiuliza. Nikafunga mlango, tukaenda.

Njia nzima nilitumaini lile boksi limeshaanguka, maana chumba kile kina unyevu. Halikuwa limeanguka. Mzee wa duka alimpokea shangazi kwa Kihaya cha heshima, akampa kiti chenye mto, akaleta chai ya maziwa, bhajia na senene, wale panzi wa kukaanga, kwa kuwa ulikuwa msimu wao. Shangazi alifurahi. Akavaa miwani yake, akaanza kutazama makabati ya vitabu kwa utaratibu, kutoka chini kwenda juu, kama alivyokuwa akihakiki barua zamani. Nikamwona amefika juu. Nikamwona anasoma boksi. Alilisoma mpaka mwisho, mpaka *Mwalimu wetu*. Halafu akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga, na hakuivaa tena.

Hakuna mwingine aliyeona. Muuguzi alikuwa anamwambia, kwa furaha ya kweli kabisa: “Bibi, una mtoto wewe! Kitabu kile cha msafiri wa wakati, sisi wote tulipita pale pale bila kuona kitu. Yeye ndiye aliyemwona yule mama. Na lile bakuli la udongo! Wakili ametusimulia alivyolisema huko Ngenge, watoto wa watu nusura walie.”

“Bakuli la udongo,” shangazi akasema.

“Mwalimu anasema na wewe ni msomaji,” akasema wakili, ingawa mimi sikuwahi kumwambia hivyo. Ni shangazi mwenyewe aliyekuwa amesema pale mlangoni. “Kile cha msafiri ulikisoma?”

“Nilikisoma.”

“Ukakionaje?”

Nilitazama sakafu. Ni sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na rangi imebanduka mahali pa miguu ya viti. Nilingoja. Nilistahili chochote ambacho angesema, na nilijua hivyo, na bado nilikuwa naomba asiseme.

“Ni kitabu kizuri,” shangazi akasema. “Msafiri yule alikuwa na bahati.”

“Na yule mtumishi?” muuguzi akauliza. “Hukumwona?”

“Habari za yule ameshazisema mwalimu.”

“Kwa hiyo unakubaliana naye,” akasema wakili.

“Nakubaliana naye sana.”

Wakacheka kwa upendo. Mzee akamwongeza chai. Nilikaa saa moja na nusu katika chumba kile, na sikumbuki tulizungumza kitabu gani siku hiyo.

Tulirudi kwa miguu sehemu ya njia, kwa sababu shangazi hakutaka pikipiki. Mvua ilikuwa imekatika, barabara inateleza, nami nilimshika mkono. Hakuutoa. Tulipofika mahali pa kupanda kilima akasimama kupumzika, akasema kwa Kihaya, kwa utulivu:

“Ilikuwa ya bati. Nilikwambia ya bati.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Ina maua mekundu ukingoni. Mama yangu hakunirithisha bakuli. Ukichukua kitu cha mtu, basi kichukue kama kilivyo.”

Nikaanza kulia pale barabarani, mwanamke mzima, mwalimu, wanafunzi wangu wanapita na mikungu kichwani wakinisalimia shikamoo. Shangazi akaniambia ninyamaze, watu wanaona. Jumapili asubuhi alikwenda misa ya kwanza, akapanda gari la Kanazi.

Mwezi uliofuata nilifika dukani mapema na kuwaambia. Nilitaka kuwa mkweli kabisa safari hii, kwa hiyo nilieleza kila kitu: kwamba sikukimaliza kitabu, kwamba maneno yale ni ya shangazi, kwamba sahani ni yake, kwamba mume alivuka kwenda Uganda, kwamba asubuhi chakula walipewa kuku. Nilieleza hata habari ya Ngenge. Ndani yangu nilijisikia nakuwa mwepesi.

Wakili alisema mawazo hayana hatimiliki, nisijitese. Hilo liliniumiza kuliko kama angenitukana. Mke wa mchungaji akasema ataniombea. Mzee wa duka aliliteremsha boksi, akayafuta maneno *Mwalimu wetu* kwa mistari miwili, akaniuliza shangazi anaitwa nani. Nikamtajia. Akaliandika jina lake lote kwa uangalifu, akanionyesha herufi nihakikishe. Muuguzi alikunja fotokopi zake, akaondoka kabla ya chai.

Niliandika pia barua kwa ile shule ya Ngenge. Mkuu wa shule alijibu akinishukuru kwa unyenyekevu wangu na kunialika tena mwakani. Kama aliwasomea wanafunzi, hakusema.

Kisha nikaenda Kanazi kumweleza shangazi kwamba nimeshatengeneza. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nilisimulia kwa furaha kidogo, nakiri, kama mtoto anayeleta daftari lenye vema. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza.

“Na habari za mume wangu umewaambia?”

“Nimewaambia yote, shangazi. Sikuficha kitu.”

“Na za kuku?”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

“Nilikwambia wewe,” akasema. “Nilikuwa nageuza kahawa na mtoto niliyemlea, nikamwambia. Sikuwaambia wakili na Mhindi. Mara ya kwanza ulichukua maneno yangu ukaniacha mimi nyumbani. Sasa umerudi ukanichukua na mimi, ukaenda kuniweka mezani pao, ili wewe upumue.”

“Nilitaka kurudisha, shangazi.”

“Ungeniuliza kwanza namna ya kurudisha.”

Akanipa kisu cha pili. Tulimenya ndizi mpaka sufuria likajaa, tukapika, tukala. Hakunifukuza. Hajawahi kunifukuza, na niliporudi mjini alinifungia kahawa na mkungu mdogo kama kawaida yake.

Nilidhani atamchukia yule muuguzi pia, na wote waliosikia. Haikuwa hivyo. Muuguzi alitafuta namba yake ya simu kwa njia zake, si kwangu. Nilikuja kusikia baadaye kwamba alimpigia kumwambia kuwa mume wake naye yuko Kongo mwaka wa nne, na kwamba angependa kuongea. Wakaongea. Wakaendelea kuongea. Siku moja ya mapumziko muuguzi alipanda gari mwenyewe mpaka Kanazi, akalala huko. Mzee wa duka naye akaanza kutoa fotokopi tano badala ya nne, na ya tano inakwenda Kanazi kwa dereva wa gari la asubuhi.

Siku hizi, Jumamosi yetu inapofika, muuguzi anaweka simu katikati ya meza, anaongeza sauti, na shangazi anatoa maoni yake akiwa uani kwake. Tunasikia kuku na majirani. Wakili anabishana naye na mara nyingi anashindwa. Mwezi uliopita tulisoma kitabu cha mtu aliyerudi miaka mingi nyuma kwenda kumwona mama yake akiwa msichana. Alhamisi, siku mbili kabla ya kikundi, nilikuwa Kanazi. Tulikaa mchana kutwa tunapukuchua maharage, magoti yetu yanagusana. Nilimuuliza amekionaje kitabu.

“Kizuri,” akasema, akaniuliza habari za shule.

Jumamosi, kwenye simu, alizungumza kwa dakika ishirini. Alisema mambo kuhusu yule msichana ambayo sikuwahi kuyafikiria, na mengine yalimhusu mama yake mwenyewe, bibi yangu, ambaye mimi simkumbuki. Wenzangu waliinamia meza wakimsikiliza. Nami niliinama pamoja nao, nikiandika haraka kwenye daftari ili nisisahau, na juu ya ukurasa nimeshaandika jina lake.